Pikapu Karibu na Daraja

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha badala ya simu. Simu yangu siku hizi inakoroma tu, kwa hiyo usihangaike kunipigia. Andika. Dereva wa basi la mizigo ananifahamu, atakufikishia barua zangu mpaka mlangoni mwa karakana.

Nina shida na gitaa ulilonitengenezea. Miaka kumi na mbili limelia vizuri, sasa ghafla linalia kama limefunikwa blanketi. Nyuzi nimebadilisha mara mbili. Waya wa kwenda kwenye amplifaya nimebadilisha. Nimeazima amplifaya ya mpiga besi, mambo ni yaleyale. Ule ukali wa juu uliokuwa unawafanya watu waache kutafuna wageuke, haupo.

Ningekuwa napiga kwa raha zangu ningevumilia. Lakini Kapteni, kiongozi wetu wa bendi (bado tunamwita hivyo, na bado anavaa ile kofia), ametangaza kwamba mwezi wa tano tunaingia studio. Rekodi ya kwanza tangu bendi ianze. Amesema chombo kisichokaa sawa hakiingii, na mwenye chombo naye haingii. Alisema hivyo huku ananitazama mimi. Wiki hiyohiyo nimemkuta mpiga solo wa bendi ya ukumbi wa pili amekaa kwenye kiti changu, anakunywa soda. Eti amekuja kusalimia tu. Kaka, nimepiga solo pale miaka kumi na tisa. Wakinitoa, sijui nitajiita nani.

Wenzangu wanasema sauti inategemea pikapu imekaa wapi. Nisaidie. Nalituma kwa basi la Jumamosi.

Mdogo wako,
Vidole


12 Februari

Vidole,

Marahaba. Gitaa limefika salama, limefungwa kwa kanga mbili kama mgonjwa.

Hicho mnachokiita pikapu, mimi hapa karakana nakiita sumaku, maana ndivyo kilivyo: sumaku sita zimezungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinakaa chini ya nyuzi na kusikiliza zinavyocheza. Sasa tega sikio, maana shuleni ulikuwa unasinzia. Uzi hauchezi sawa kila mahali. Pale kwenye daraja, kile kichuma kinachoshika nyuzi kwa chini, uzi ni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Anarukaruka palepale kwa hasira. Sumaku ikikaa karibu na daraja inaokota hasira hiyo, sauti inatoka kali na nyembamba. Ukisogea upande wa shingo, kamba inakuwa ndefu, mbuzi anatembea, sauti inatoka nene, ya mviringo. Mimi nilikuwekea katikati kwa sababu hasira unazo za kutosha mwenyewe.

Nimelipiga asubuhi nzima. Blanketi silioni. Sumaku nzima, waya mzima, ubao haujapinda. Nimeshindwa kuelewa. Lakini anayesimama nalo mbele za watu ni wewe, mimi nani hata nibishane na masikio yako? Nimechonga mfereji ubaoni ili sumaku iweze kuteleza, nimeisogeza upana wa vidole viwili kuelekea kwenye daraja, nimekaza skrubu. Usiiguse. Waya wake ukikatika utalia wewe badala ya gitaa.

Nimekupigia mara nne nikueleze haya kwa mdomo. Simu inaita mpaka inachoka. Nunua nyingine.

Mke wangu anakusalimu. Mpaka leo anacheka alivyokuuliza siku ya harusi yetu umelala wapi, ukamjibu, "Asante sana."

Kaka yako,
Fundi


27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nitasema kweli ingawa utanuna. Blanketi bado lipo. Ningekuwa muongo ningesema limepungua unene.

Jumanne tulifanya mazoezi. Nikaongeza sauti kwenye amplifaya, nikaongeza tena. Mpiga drams akakunja uso. Kapteni akaja akanishika bega, akasema, "Punguza." Nikapunguza. Akatikisa kichwa, akagusa jino lake, akafanya kama mtu anayeumwa. Nipunguze nini tena? Mpiga kinanda akasema neno pale, akacheka, na mimi nikacheka naye. Sijui alisema nini. Kulikuwa na kelele.

Kaka, nimechanganyikiwa. Wao wanafanya kama sauti imezidi, mimi nasikia imepungua. Hatuwezi wote kuwa sawa. Au wameshapanga kunitoa, sasa wanatafuta sababu? Yule wa ukumbi wa pili amekuja tena "kusalimia". Akaniambia gitaa langu siku hizi lina tabia. Nikamuuliza tabia gani, akaangalia viatu vyake.

Nalirudisha kesho. Nitakuandikia nikishapata nafasi ya kufikiri pikapu isogezwe kiasi gani.

Vidole


5 Machi
HARAKA

Kaka,

Naandika nimesimama, dereva ameshawasha gari. Pikapu isogee mpaka karibu na daraja, karibu kabisa, mwisho wa pale. Ijumaa asubuhi kuna basi la saa mbili. Nategemea hilohilo. Usiniangushe, maana baada ya hapo sina nafasi nyingine.

V.


10 Machi

Wifi yangu,

Kwanza nisamehe, nimefungua barua isiyo yangu. Kaka yako amekwenda kwenye msiba wa mzee aliyemfundisha useremala, atakaa huko majuma mawili. Kikaratasi chako kimeandikwa HARAKA kwa herufi kubwa, nikaona nikikiacha mezani nitakuwa mtu wa ajabu.

Tulitimiza. Pikapu yetu ilikuwa kwa jirani, anabebea matofali. Nikamsihi ashushe mzigo, akashusha kwa kunung'unika. Alhamisi tukaiosha. Ijumaa saa moja tukawa tumeshafika darajani, karibu kabisa, mwisho wa pale kama ulivyosema, mpaka askari wa barabarani akaja kutuuliza kama tuna mpango wa kujirusha. Basi la saa mbili likaja. Nikapunga mkono wote. Dereva naye akanipungia, akapita. Likaja la saa nne, likapita. Tumekaa ndani ya pikapu mpaka jua likawa utosini, mimi na jirani ambaye hatuna hata la kuongea, nimekushikia mto wa kukalia na chupa ya chai. Hukushuka.

Nilikupigia mara sita nikidhani umepitilizwa kituo. Hukupokea hata moja.

Sijakasirika, wifi, ila sielewi. Nilivyosoma kwamba huna nafasi nyingine, nikasema huyu amegombana na watu huko, anarudi nyumbani. Nimekutandikia chumba cha mbele. Shuka bado ziko kitandani, sijui nizitoe au niziache.

Jirani naye anauliza: pikapu airudishe kwenye matofali, au bado inatakiwa darajani?

Wifi yako,
mshona nguo


14 Machi

Wifi,

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka.

Pikapu niliyosema ni kile kidude cheusi chini ya nyuzi za gitaa. Daraja ni kile kichuma kinachoshika nyuzi. Basi la saa mbili lilikuwa la kunirudishia gitaa. Sisi wa bendi tunasema pikapu, kaka anasema sumaku, ndiyo maana wewe neno hilo unalijua la magurudumu tu. Kosa ni langu. Mwambie jirani arudi kwenye matofali yake na umuombe radhi. Na yule askari, ukikutana naye.

Kuhusu simu usinifikirie vibaya. Ilikuwa ndani ya mkoba. Mara zote sita ilikuwa ndani ya mkoba.

Ulinitandikia kitanda kabla hujajua nina shida gani. Shuka zitoe, wifi, nitakuja siku nyingine. Kaka akirudi mwambie maneno ya kile kikaratasi yalikuwa yake, na gitaa bado nalisubiri.

Wifi yako,
Vidole


22 Machi

Vidole,

Nimerudi msibani na huzuni yangu, nikakuta mtaa mzima unacheka. Jirani ananiuliza kila asubuhi gitaa limeshapata leseni ya udereva. Askari amenisimamisha, nikadhani taa ya nyuma imekufa, kumbe anataka kujua daraja la gitaa linabeba tani ngapi.

Sasa tuache utani. Nimekaa na gitaa lako tangu juzi. Hapo nilipoisogeza sumaku, kwa vidole viwili tu, linakata kama wembe. Nilipiga uzi wa kwanza, mke wangu akasimamisha cherehani akaniomba nimwonee huruma. Na wewe unataka niizidishe! Nimekueleza habari ya mbuzi na kamba, umetia pamba masikioni. Haya. Gitaa ni lako. Sumaku nimeisogeza mpaka mwisho, haina tena pa kwenda. Linakuja na basi la kesho.

Habari ya blanketi usiniandikie tena.

Kaka yako


31 Machi

Kaka yangu!

Shikamoo, na nyingine juu yake. Umenitoa kwenye shimo. Jumanne nimelichomeka, nikapiga ule wimbo wa polepole, ukumbi ukatulia. Mpiga drams akafumba macho. Kapteni alivua kofia, kaka, kofia! Akaja kunishika mkono. Yule wa ukumbi wa pili alimaliza soda yake akaondoka, na sasa kiti kimekaa na mwenyewe.

Sasa linalia kama nilivyotaka. Kali, safi, kila uzi nausikia ulivyo. Ulikuwa unabisha bure, mwenye gitaa ndiye anayejua. Blanketi limekwenda.

Mwezi wa tano tarehe nne tunaanza kurekodi. Jina langu liko kwenye orodha, nimeliona kwa macho yangu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Vidole


6 Aprili

Vidole,

Leo sina hamu ya kukuchekesha.

Sumaku sikuipeleka kwenye daraja. Nilikuandikia nimeisogeza mpaka mwisho, sikusema mwisho upi. Niliirudisha nyuma, nikaipeleka mpaka shingoni kabisa, mahali ambapo gitaa haliwezi kutoa sauti kali hata likitukanwa. Nilikuwa na hasira. Nilitaka ulichomeke mara moja, usikie upuuzi, uniandikie "kaka umefanya nini", na mimi nikujibu "sasa tuongee kama watu wazima." Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

Badala yake unaniambia ni kali. Unaniambia ndivyo ulivyotaka. Nimeisoma barua yako mara nne, nimempa na mke wangu aisome. Sauti ile si kali. Mtu aliyelala usingizi angejua si kali. Kama bendi imeipenda, basi imependa sauti nene, kinyume kabisa cha yale uliyonisumbulia miezi miwili. Kwa hiyo nini? Unanitania? Au gitaa hukulipiga wewe, umempa mwingine, wewe unakaa kando unaandika barua? Au uliamua tangu mwanzo kwamba kazi yangu haifai, na popote nitakapoiweka hiyo sumaku utaniambia unachodhani nataka kusikia?

Nimekupigia tena. Hupokei. Nimepiga mpaka na ya ukumbini, wamesema wamekupa ujumbe, ukaitikia kwa kichwa.

Mtu akikwambia jambo, usikie. Miezi miwili nakupigia mbuzi gitaa. Sikio la kufa halisikii dawa, mdogo wangu.

Fundi

(Wifi, nakichomeka kikaratasi hiki kwenye bahasha kabla hajaifunga, yeye hajui. Nina swali moja na usinijibu kama hutaki. Siku ya harusi nilikuwa nakuona unanitazama mdomo wakati naongea. Nilidhani una dharau, nikajipaka rangi upya mara mbili. Leo nimekaa kwenye cherehani nikajiuliza kitu kingine. Je, ulikuwa unasoma?)


19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara tatu, ndiyo maana imechelewa.

Uliniandikia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hukujua ulichoandika. Nililia, halafu nikacheka kwa nguvu mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Najua aligonga kwa sababu kalenda ilitikisika.

Masikio yangu yanakwenda, kaka. Lilianza la kushoto, linaloelekea kwenye matoazi ya mpiga drams. La kulia sasa linalifuata mwenzake. Sauti nene nazisikia: lori, mlango, besi. Zile za juu zimeondoka moja moja bila kuaga. Kwanza nilidhani kengele ya mlango wangu imekufa, nikaibadilishia betri mara tatu. Halafu nikadhani ndege wa kwenye paa wamehama. Kwenye simu nasikia mtu ananguruma, maneno siyapati, ndiyo maana siipokei.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kwa daktari wa masikio. Akanifungia ndani ya kichumba, akanipa kitufe, akasema bonyeza kila ukisikia mlio mwembamba. Nikakaa nimekishika, namsubiri aanze. Nikasubiri. Akafungua mlango akaniambia, "Tumemaliza." Ile karatasi yake niliitia chini ya godoro. Kisha nikaanza kujiambia kwamba labda ni gitaa. Nilitaka sana iwe gitaa, kaka. Gitaa lina fundi.

Nilikuomba uisogeze pikapu kwa sababu nilidhani ukali ukizidi, mwishowe utanifikia. Kumbe wao wanaumia meno na mimi sipati kitu. Lilipokuja mara ya mwisho sikusikia chochote kipya ila uzito. Nikawatazama nyuso. Mpiga drams akafumba macho kwa raha, nikajua ni zuri. Nikakuandikia kwamba ni kali kwa sababu ndivyo nilivyoagiza. Sikukutania, na sikumpa mtu mwingine. Kazi yako sijawahi kuidharau hata siku moja. Siku hizi nasikia kwa kutazama watu.

Mwambie wifi jibu la swali lake ni ndiyo, na midomo yake inasomeka vizuri kuliko ya watu wote pale harusini.

Sasa naogopa. Kapteni hajui. Nikimwambia, orodha inaandikwa upya siku hiyohiyo. Nikinyamaza, nitaingia studio nipige kitu nisichokisikia, nikikosea kibaki pale, watu wakisikilize miaka na miaka, mimi niwe wa mwisho kujua. Kila upande nikigeuka naona siwezi. Wewe ungefanyaje?

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea karakana, nikaipeleka ndani, nikamkuta mke wangu ameshaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Kumbe alijua tangu ile wiki aliyokuchomekea kikaratasi kwenye bahasha yangu. Wanawake mmenizunguka.

Mimi ni fundi, kitu kikivunjika nakitafuta kilipoachana, natia gundi, nabana. Hiki sioni pa kubana. Nimekasirika, halafu nikitafuta wa kumkasirikia simpati. Naona haya kwa ile methali. Nilikupigia simu kama mwendawazimu na kukutukana kwamba husikii, mimi mwenye masikio mazima nikasoma barua zako zote nisisikie kitu. Nisamehe. Nakupenda na sijawahi kukuandikia hivyo, sijui kwa nini.

Umeniuliza ningefanyaje. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ni rahisi kwangu kusema, kiti si changu. Asubuhi naona useme. Jioni naona unyamaze. Leo nimebadilisha mawazo mara tatu na bado saa sita haijafika. Siwezi kukudanganya kwamba najua.

Jambo moja ndilo ninalolijua. Hapo sumaku ilipo, shingoni, ndipo pake. Niliiweka kwa hasira, lakini kabla ya kufunga nilipiga, nikasahau hasira, na nikaona aibu kukuambia. Sasa nakuambia. Uzi mnene ukiupiga wazi unatoka kama mtu mwenye kifua anayekusalimia taratibu. Zile nne za katikati zinashikana bila kukanyagana. Na ule mwembamba kabisa, ule usiousikia tena, upo. Unalia safi, haukwaruzi, na ukiubana kule juu unabaki na ncha ndogo mwishoni, kidogo tu, ya kutosha. Ukiwa pale na wasiwasi kama umelia au haukulia, kumbuka nimekuandikia. Umelia.

Ukitaka nilisikilize gitaa tena, litume. Nitakuandikia kila uzi.

Kaka yako,
na wifi yako, aliyeniamuru niandike kwamba chumba cha mbele kimetandikwa tena


3 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimemwambia.

Sikupanga. Leo jioni tulimaliza mazoezi, wenzangu wakatoka, Kapteni akabaki anakunja waya. Nikasema nina jambo. Nikamwambia yote, la kushoto, la kulia, kitufe cha daktari, gitaa lililokwenda na kurudi. Nikamwambia aliyeiweka ile sauti aliyoivulia kofia ni kaka yangu, mimi sijaisikia mpaka leo.

Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akauliza kama nasikia tempo. Nikamwambia besi na ngoma nazipata, nyingine nazipata kwenye mbavu, ubao ukigusa kifua, na zilizobaki nazitazama. Halafu akageuka kuziweka nyaya kwenye kabati, na nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Alikuwa anaongea, kaka. Ananipa jibu langu huku amenipa kisogo.

Kwa miezi yote hii ningeitikia kwa kichwa, nikasema sawa, nikaenda nyumbani kukisia. Nikasema, "Sijasikia. Geuka."

Akageuka. Akasema tena. Lakini yeye ana yale masharubu, mdomo wa juu wote umejificha, na pale ndani kuna mwangwi. Nilipata "kesho". Nilipata "saa tatu". Katikati sikupata kitu. Kesho saa tatu ya nini? Ya kurekodi, au ya kuja kukabidhi sare na funguo? Uso wake ulikuwa wa huruma, na huruma ndiyo mbaya zaidi, maana inakwenda na majibu yote mawili. Nikamwambia sijasikia. Akasema mara ya tatu, kwa sauti kubwa, mishipa imemtoka shingoni, nikapata kidogo kuliko mwanzo.

Basi nikachukua kalamu ya kwenye orodha ya nyimbo, nikamnyooshea. Akaitazama, akanitazama. Kofia akaiweka juu ya amplifaya, akainama, akaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Karatasi ninayo hapa mbele yangu, nakunakilia ilivyo:

"Kesho saa tatu. Studio. Tunaanza na solo. Njoo na gitaa."

Mdogo wako,
Vidole